Chura mweupe anayekaa juani kutwa bila kufa: jibu langu kwa mwalimu wa Tsavo

Mwalimu, salamu, na hongera kwa kuwazuia watoto kwanza mpaka upate jibu. Nimesoma swali lako mara mbili. Unasema shule yenu iko pembeni ya Tsavo, mwezi huu wa pili hakuna hata wingu, na kuna chura ameng'ang'ania boriti ya kushikilia tangi la maji tangu asubuhi mpaka jioni, jua linampiga waziwazi, mweupe kama chokaa, alafu usiku ukimmulika na tochi unamkuta amekuwa kijivu cha udongo na madoa. Watoto wanamhurumia, wengine wanataka kummwagia maji, wengine wanataka wambebe mpaka kwenye silanga (lile bwawa la kuchimbwa) ambayo saa hii imebaki matope. We unauliza mambo mawili, huyu kiumbe hafi kwa nini na tumsaidie vipi, na tena kama ndo yeye anayeacha yale mapovu meupe juu ya mgunga mvua za mwezi wa kumi na moja zikianza.

Kwa haraka kabla sijaanza kueleza: muacheni hapohapo alipo, msimmwagie maji, msimbebe, na ndiyo, mapovu ni yake.

Sasa nikae nieleze vizuri maanake huyu chura nampenda sana na watu wachache wanamjua, hata watu waliozaliwa nyika wamempita mara elfu wakidhani ni kipande cha gome la mti. Jina lake la kisayansi ni Chiromantis petersii, aliandikwa mara ya kwanza na mtaalamu wa wanyama Boulenger mwaka 1882. Ana ndugu yake anaitwa Chiromantis xerampelina, huyo anapatikana zaidi ukishuka pwani na kuendelea kusini mpaka Afrika Kusini, na alielezwa na Mjerumani Wilhelm Peters mwaka 1854 kutokana na wanyama aliokusanya Msumbiji. Wa kwenu huko nyika kavu, kwa jinsi ulivyomueleza, ni petersii, ambaye anaishi sehemu kavu za Kenya na Tanzania. Wanafanana sana kwa tabia na mengi tunayoyajua yamepimwa kwa mmoja au kwa mwingine, kwa hiyo nitawataja wote wawili nikiendelea.

Mwambie mtoto mwenye macho makali aangalie vidole vya mkono bila kumgusa. Ataona vidole viwili vya ndani vimetengana na viwili vya nje, vinabana kijiti kama we unavyobana fimbo kwa kidole gumba. Ndo maana jina lenyewe linaanza na neno la Kigiriki la mkono. Na ukoo wake si wa hapa kwetu hasa, ndugu zake wengi wako Asia, kuanzia India na Sri Lanka mpaka Japani, huko kuna wengine wa ukoo huohuo wana ngozi pana katikati ya vidole wanaruka kutoka mti hadi mti kama tiara. Afrika nzima ukoo huo umebaki na hawa wachache tu wa Chiromantis, na mmoja wao anakaa msitu mnene wa Kongo mpaka Uganda, kwa hiyo ukavu si asili yao wote, ni hawa wa nyika waliouzoea.

Haya, tuje kwenye jua. Chura wa kawaida, yule wa kwenye mfereji, ngozi yake haizuii maji karibu kabisa, yaani maji yanamtoka mwilini kwa kasi inayokaribia ya maji yaliyoachwa wazi kwenye sahani. Mweke juu ya boriti saa sita mchana Tsavo na kabla jua halijazama amekauka. Ndo sababu vyura wengi wa nyika dawa yao ni kujifukia, mvua ikiisha wanachimba na miguu ya nyuma wanashuka chini wanalala miezi mpaka mvua irudi, wale vyura wakubwa wanene unaowaona ghafla barabarani usiku wa mvua ya kwanza ndivyo wanavyoishi. Huyu wako hajui kuchimba. Miguu yake ni ya kupanda. Kiangazi chote yuko juu, kwenye tawi, kwenye mlingoti, kwenye kenchi ya nyumba, na miti ya nyika wakati huo imepukutisha majani kwa hiyo kivuli chenyewe ni cha kutafuta. Lazima awe na njia nyingine, na anazo kadhaa kwa pamoja, ndo kinachonifurahisha.

Ya kwanza ni ngozi. Wakimpima akiwa ametulia, maji yanamtoka polepole sana kiasi cha kulinganishwa na kinyonga au mjusi, si na chura. Kuna vyura wa Amerika Kusini wanaoitwa Phyllomedusa nao wamefika hapohapo kwa njia tofauti, wao wanatoa nta kwenye ngozi wanajipaka mwili mzima kwa miguu kama mtu anayejipaka mafuta, lakini huyu wa kwetu hajipaki nta, ngozi yenyewe imejengwa hivyo.

Ule weupe nao ni kazi, si ugonjwa, na hapa waambie watoto wasikilize vizuri. Ndani ya ngozi kuna seli zilizojaa vipande vidogo vinavyong'aa, vinaakisi mwanga kama bati jipya la paa. Jua likiwa kali seli zenye rangi nyeusi zinajikunja na zile za kung'aa zinabaki zimetandazwa, chura anakuwa mweupe na sehemu kubwa ya mwanga inarudishwa ilikotoka kabla haijawa joto. Usiku hahitaji hivyo, anarudi kijivu na madoa yake anafanana na gome. Kwa hiyo ukimuona mweupe pee saa saba mchana ujue yuko sawa kabisa.

Alafu mkao. Umesema amejikunja kama jiwe la mtoni, ni kweli, miguu yote ameificha chini ya mwili, vidole amevikunja, kidevu amekibana kwenye mbao, macho amefumba. Kila sehemu laini imefunikwa na kinachoonekana ni mgongo tu, ule uliotengenezwa kukabili jua. Anaweza kukaa hivyo kutwa na kesho yake akarudi palepale, wana sehemu zao wanazozipenda, ndo maana mnamuona kila siku.

Na joto likizidi hata kwa hayo yote? Hapa kuna jambo ambalo mi mwenyewe nilipolijua mara ya kwanza nilishangaa sana. Joto la hewa likifika kama nyuzi 40 na kuendelea, huyu chura aliyekuwa akibana kila tone anafungua vitezi vya ngozi na kuanza kutoa jasho, na mwili wake unabaki na joto la chini kidogo kuliko hewa inayomzunguka. Yaani maji aliyoyaweka akiba anayatumia saa ile tu ya hatari, ikipita anafunga tena. Sasa unaelewa kwa nini kila tone alilonalo lina hesabu yake.

Akiba yenyewe iko wapi? Iko kwenye kibofu cha mkojo. Vyura wanaweza kunyonya maji ya kibofuni na kuyarudisha mwilini, kwa hiyo kibofu kwake ni kama hilo tangi lenu la shule. Na ndo sababu nimekwambia msimshike. Chura akishikwa akaogopa anakojoa, kila mtoto aliyewahi kushika chura anajua, na kwa chura wa mfereji si neno, atapata mengine dakika hiyohiyo, ila huyu akikojoa mwezi wa pili amemwaga maji ya kumfikisha mwezi wa tatu au wa nne. Mtoto atakuwa amemshika kwa huruma na amemuumiza bila kujua. Hili ukiwaeleza mara moja wataelewa, watoto wa huko wanajua vizuri maana ya kumwaga maji.

Kuhusu kummwagia maji mgongoni, hayatamuua lakini hayamfikii inavyotakiwa. Chura hanywi kwa mdomo, anakunywa kwa ngozi, na kwa ngozi ya chini, tumboni kuelekea mapajani, ndo hapo penye mishipa mingi ya kunyonya. Akitaka kunywa anashuka mwenyewe usiku, anakalia mahali palipo na unyevu, anabandika tumbo. Kama watoto wanataka lazima wafanye kitu basi waache sahani pana yenye maji kidogo chini ya tangi, kivulini, na jiwe la kupandia katikati ili viumbe vingine visizame, akitaka atashuka asipotaka basi. Na silanga ya matope msimpeleke, huko hana tawi, na ndege na nyoka wanaokusanyika kwenye matope ya mwisho watammaliza.

Kuna jambo jingine la mkojo, na hili ndo kubwa kuliko yote kwa maoni yangu, ingawa halionekani kwa macho kama ule weupe. Kila mnyama akila nyama au wadudu anabaki na taka zenye naitrojeni na lazima azitoe. Samaki na viluwiluwi wanazitoa kama amonia, ni sumu lakini wao wako ndani ya maji inapotea. Vyura waliokomaa, na sisi watu, tunazitoa kama yurea, haina sumu sana lakini inahitaji maji ya kuibeba, ndo mkojo wenyewe. Ndege na mijusi na nyoka wamefanya vingine, wanazitoa kama asidi ya yuriki, ambayo haiyeyuki vizuri kwenye maji, inatoka kama uji mzito mweupe. Ile sehemu nyeupe kwenye kinyesi cha kuku, na ile ncha nyeupe ya kinyesi cha mjusi ukutani, ndo hiyo. Maji yanayopotea ni kidogo sana.

Basi ilikuwa inajulikana kwamba chura ni wa yurea, yamekwisha. Mpaka mwaka 1970 mtafiti J. P. Loveridge aliyekuwa akifanya kazi Zimbabwe, wakati ule ikiitwa Rhodesia, akaonyesha kwamba xerampelina sehemu kubwa ya taka zake inatoka kama asidi ya yuriki. Chura mwenye mkojo wa mjusi! Muda mfupi baadaye wakakuta na wale Phyllomedusa wa Amerika Kusini wanafanya hivyohivyo, na mwaka 1977 Robert Drewes na wenzake wakachapisha kazi yao juu ya petersii, huyuhuyu wa kwenu, maji yake, taka zake na jinsi ngozi yake ilivyojengwa. Fikiria maana yake, mwalimu. Chura wa kawaida hata ungempa ngozi isiyopitisha maji bado angekwama, maanake angelazimika kukojoa akiba yake ili atoe yurea. Ngozi peke yake isingetosha. Huyu akiba ya kibofuni anabaki nayo kwa sababu taka zinaganda na kutulia, hazihitaji kumwagwa na maji. Ndo maana anaweza kukaa wiki nyingi bila tone na bado yuko macho, si kwamba amelala kama wale wa chini ya ardhi, mdudu akipita karibu usiku anamdaka.

Haya tuhamie kwenye mapovu, maana hilo swali la pili nimeona umelitaja kama la kuongezea lakini lina mengi.

Mvua zikinyesha na madimbwi yakajaa, madume wanakusanyika usiku kwenye matawi yaliyoinama juu ya maji. Usitegemee kelele, sauti yao ni ndogo, vilio vifupi vya chini, ukiwa na wale vyura wengine wanaopiga kelele kwenye silanga hutawasikia kabisa. Jike anateremka kwanza kwenye maji, anajijaza, alafu anapanda tawi akiwa na dume mgongoni. Anatoa ute, na kwa miguu ya nyuma anaupigapiga, kulia kushoto, kulia kushoto, kama mtu anayepiga ute wa yai kwa uma mpaka unaumuka mweupe, na mayai anayatoa humohumo katikati ya povu. Kazi hii inachukua saa kadhaa na maji yanamuishia, kwa hiyo katikati ya shughuli anashuka tena kwenye dimbwi kunyonya mengine, anarudi kuendelea. Ukikaa na tochi yenye mwanga hafifu mbali kidogo unaona kila kitu, mi nimekaa hivyo mpaka usiku wa manane na sikuchoka.

Madume wengine hawakai mbali. Wanamzunguka, wanasukumana, wanabandika sehemu zao za nyuma kwenye povu na kumwaga mbegu zao nao, wakati mwingine madume wengi kwa jike mmoja. Kwa xerampelina wamelichunguza hili kwa miaka mingi, na wamekuta mayai ya jike aliyekuwa na madume wengi, watoto wanaopona ni wengi zaidi kuliko ya jike aliyekuwa na mmoja tu. Na majike wawili watatu wanaweza kutengeneza povu moja pamoja, ndo maana unaona mengine ukubwa wa ngumi na mengine kama kichwa cha mtu. Ndani kuna mayai mamia, kwa jike mmoja wa xerampelina hata kupita elfu.

Asubuhi jua likipiga, sehemu ya nje inakauka inakuwa ganda gumu kama mkate uliokauka, ndani panabaki pabichi. Ganda linazuia maji yasitoke, na yale matundu ya hewa kwenye povu yanawapa mayai hewa ya kupumua, hakuna shida ya kukosa oksijeni kama mayai yaliyorundikana ndani ya maji ya moto ya dimbwi. Jike anaweza kurudi usiku wa pili kuongeza povu jingine juu. Na faida kubwa ya kuweka mayai juu nadhani unaiona mwenyewe, dimbwini kuna mabuu ya wadudu na viluwiluwi vya vyura wengine vinavyosubiri kula. Juu si salama kabisa nako, tumbili wameonekana wakiyabandua na kuyala, na huko pwani kuna chura mdogo anaitwa Afrixalus fornasini anayejichomeka kwenye povu bichi na kula mayai ya mwenzake. Lakini siku za kwanza, zile ambazo yai haliwezi hata kukimbia, wanakuwa wamezipitia nje ya maji.

Baada ya siku nne, tano, hata sita, mayai yameanguliwa humo ndani, viluwiluwi wanapindapinda, povu la chini linalainika na kuyeyuka, wanaanza kudondoka mmojammoja kwenye maji. Ukisikia tone tone chini ya mgunga na hakuna mvua, ni wao. Kuanzia hapo wanashindana na jua, wakue watoe miguu kabla dimbwi halijakauka, na miaka ambayo mvua inakatika mapema wanakufa wote kwenye tope. Mwaka mwingine mama anajaribu tena.

Kwa hiyo ukiuliza kweli mnaweza kumsaidia vipi, mi naona si kwa maji ya kikombe, ni kwa ule mti. Silanga nyingi zikichimbwa upya au zikipanuliwa kitu cha kwanza kukatwa ni miti ya ukingoni, migunga na vichaka vilivyoinamia maji, wanasema inazuia trekta au inaleta nyoka. Ukingo ukibaki mtupu huyu chura hana pa kuning'iniza povu. Wamewahi kuonekana wakining'iniza kwenye kuta na nguzo zilizo juu ya maji, lakini tawi ndo lao. Ongea na wazazi wanaosimamia silanga yenu waache hata miti mitatu minne upande mmoja. Na yale mapovu watoto wasiyapopoe kwa mawe wala wasiyachokonoe, ganda likipasuka jua linaingia na mayai yanakauka siku hiyohiyo. Kwa ujumla aina hii haimo kwenye hatari ya kutoweka, wako wengi na eneo lao ni pana, lakini kwenye silanga moja wanaweza kuisha kabisa.

Na kama mnajiuliza kama ana sumu, jibu ni fupi. Si wa kuogopwa, ila kama ilivyo kwa chura yeyote, mtoto akimgusa kwa bahati mbaya anawe mikono kabla ya kujisugua macho.

Na kama unataka somo la darasani, subiri mvua. Siku povu la kwanza likionekana juu ya silanga andikeni tarehe, chagueni moja mnaloliona vizuri kutoka ukingoni, na kila asubuhi mtoto mmoja aandike rangi yake, gumu au laini, limepungua au bado. Wekeni beseni jeupe lenye maji ya silanga chini ya povu ambalo halijakaa sawasawa juu ya maji, lile ambalo dimbwi limerudi nyuma na kuliacha juu ya nchi kavu, hayo huwa yapo kila mwaka na watoto wake wote wangekufa. Asubuhi mkiona tundu chini ya ganda, angalieni kwenye beseni, watakuwa wameshaanguka usiku, wembamba, wanaogelea, na mtawamwaga silangani kabla maji ya beseni hayajapata moto.